Dira ya Gari Inataka Kuambiwa Uko Wapi

Aurora Avenue, kaskazini mwa jiji la Seattle, inakwenda kaskazini moja kwa moja, maili baada ya maili. Ukiwa juu yake na pua ya gari ikitazama upande wa Kanada, hakuna ubishi unaelekea wapi. Lakini gari tulilohama nalo kutoka Portland, Maine, lilikuwa likiandika NW kwenye kona ya kioo cha kuangalia nyuma, yaani kaskazini-magharibi. Ukigeuza kurudi mjini, linaandika SE, kusini-mashariki. Ukishika barabara ya kwenda mashariki, NE, kaskazini-mashariki. Halikuwa likiyumba wala kubahatisha. Lilikosea kila upande, na kila upande lilikosea kwa kiasi kile kile.

Hilo la mwisho lilinipa moyo, kwa sababu kosa la namna hiyo lina sababu inayojulikana na lina dawa, na dawa yenyewe haigharimu hata senti moja. Nimeona niandike kwa urefu kwa ajili ya wenzangu wa huku Marekani, maana Waswahili wa huku ni watu wa kuhama. Mtu anafikia Maine, binamu anamwita Ohio, mwaka unaofuata kazi inampeleka Texas au Washington. Gari analolinunua limetumika jimbo moja na linakwenda kufanya kazi jimbo jingine. Mafuta atabadilisha, matairi atakagua, namba za usajili atachukua mpya. Dira iliyomo kwenye kioo itabaki ikiamini kwamba iko kule ilikotoka.

Dira ya gari ina makosa ya aina mbili. La kwanza linatoka kwenye gari lenyewe, na gari linaweza kulitafuta na kulifuta ukilizungusha. La pili linatoka mahali ulipo duniani, na hilo hakuna kuzunguka kutakakoligundua. Ni lazima wewe dereva uliambie gari uko wapi. Mafundi wengi, na ndugu wengi kwenye makundi ya WhatsApp, wanalijua la kwanza tu. Ukieleza kwamba dira inakosea utajibiwa, "Nenda kwenye uwanja mpana, zungusha gari." Unazungusha hadi kichwa kinauma, unarudi barabarani, na dira iko vilevile.

Niyachukue moja moja, nikianza na la mahali.

Sindano ya dira hufuata nguvu ya sumaku ya dunia pale ilipo. Nguvu hiyo inatoka kwenye chuma cha majimaji kinachotembea ndani kabisa ya dunia, kuanzia karibu kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, na chuma hicho hakitulii wala hakijapangika sawasawa. Kwa hiyo upande ambao sindano huuita kaskazini haulingani na kaskazini ya kweli, ile ambayo ramani na mistari ya longitudo huielekea. Pengo kati ya kaskazini hizi mbili hupimwa kwa digrii, na hubadilika ukihama. Sehemu nyingine sindano inalala upande wa magharibi wa kaskazini ya kweli, nyingine upande wa mashariki, na kuna mstari mrefu unaopita juu ya ardhi ambapo pengo ni sufuri na kaskazini zote mbili zinakutana.

Marekani ni nchi nzuri mno ya kujifunzia jambo hili, kwa sababu mstari huo wa sufuri unapita katikati yake, kwenye majimbo ya bonde la mto Mississippi. Ukihama kutoka pwani moja hadi nyingine unauvuka. Sisi tulitoka Portland, tukashuka hadi Massachusetts, tukashika barabara kuu ya I-90, ile inayoanzia Boston na kuishia Seattle, kiasi cha maili 3,000. Pale Portland sindano inaegemea magharibi kwa karibu digrii 15. Ukifika Buffalo, karibu na maporomoko ya Niagara, zimebaki kama 11. Chicago ni kama 4. Unapovuka mto Mississippi kwenye mji wa La Crosse, Wisconsin, pengo ni karibu sufuri. Baada ya hapo linafunguka upande wa pili. Rapid City, South Dakota, sindano inaegemea mashariki kwa digrii kama 7, Montana inapita 10, na Seattle inafika karibu 15. Kutoka 15 za magharibi hadi 15 za mashariki ni digrii 30.

Digrii 30 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Dira ya kwenye kioo huonyesha pande nane tu, na kila upande umepewa kipande cha digrii 45. Kosa la digrii 30 maana yake ni kwamba katika theluthi mbili za pande zote unazoweza kuelekea, herufi utakayoisoma ni ya kipande cha jirani. Hata gari ambalo halijawekewa marekebisho yoyote, likaachwa kwenye sufuri, likiwa Seattle litakosea kwa theluthi moja. Ndiyo maana pale Aurora tulisoma NW: gari lilikuwa bado linatoa digrii 15 za Maine mahali ambapo lilipaswa kuongeza 15 za Washington.

Watengenezaji wa magari wanalijua hili, na dawa waliyoitia ni kanda. Fungua kitabu cha mwongozo cha gari lenye dira ya kioo au ya dari, na utakuta ramani ya Amerika Kaskazini iliyokatwa kwa mistari iliyopinda, kutoka juu kwenda chini, na kati ya kila mistari miwili kuna namba. Kwa kawaida kanda ni 15. Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa kwenye kanda ya 8, ile ya katikati, na anayelinunua anatakiwa kuweka kanda ya mahali anapoishi. Wengi hawaambiwi. Kitabu chenyewe mara nyingi kimeshapotea gari linapofika kwa mnunuzi wa tatu, na huyo mnunuzi wa tatu ndiye sisi. Lakini vitabu hivi karibu vyote vinapatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji, ukijua mwaka na aina ya gari lako.

Ramani hiyo ya kanda ni mjukuu wa ramani ya zamani sana. Edmond Halley, mnajimu wa Uingereza ambaye jina lake limepewa kimondo, alisafiri Bahari ya Atlantiki na merikebu ya Paramore kati ya 1698 na 1700, akipima tofauti hiyo kila alipoweza. Mwaka 1701 ikachapishwa ramani yake yenye mistari iliyopinda, kila mstari ukiunganisha mahali ambapo sindano inakosea kwa kiasi kimoja. Nahodha alikuwa anautafuta mstari ulio karibu na chombo chake, anasoma namba, anaiongeza au kuitoa kwenye dira yake. Dereva anayechagua kanda ya 4 badala ya 13 anafanya kazi hiyo hiyo, ila hesabu anafanyiwa na kompyuta ndogo.

Niseme neno kuhusu kibla, kwa kuwa ndiko jambo hili linakowagusa wengi wetu safarini. Mimi nimekulia Mombasa, na Mombasa na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo kwetu kibla ni kaskazini karibu kamili. Mtoto wa Mombasa anayejua kibla anaijua kaskazini bila kufundishwa dira. Huku hesabu ni nyingine, kwa sababu njia fupi zaidi ya kufika Makka juu ya mviringo wa dunia inapanda kwanza kaskazini. Ukiwa Portland, Maine, kibla ni kama digrii 61 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Ukiwa Seattle imesogea hadi karibu 18. Njiani, kwenye vituo vya mapumziko vya Montana ambako simu haishiki mtandao, tuliwakuta wasafiri wengine Waislamu wakiangalia herufi ya kwenye kioo kabla ya kutandika mkeka. Kwa kazi hiyo dira ya pande nane ni ya kukisia tu, lakini makisio yenye kosa la digrii 30 juu yake yanakutoa mbali na unakodhania umeelekea. Jua la adhuhuri likiwa wazi linakuonyesha kusini vizuri zaidi ya kioo kisichorekebishwa.

Sasa kosa la gari lenyewe.

Gari ni tani moja au mbili za chuma, na chuma hushika usumaku. Hushika kiwandani kinapopigwa na kuchomelewa, hushika gari linaposimama muda mrefu likielekea upande mmoja, hushika ukibandika kitu chenye sumaku juu ya paa. Kihisi kilichomo kwenye kioo hakiwezi kutofautisha sumaku ya dunia na sumaku ya bodi ya gari. Kinapokea jumla ya zote mbili.

Hapa tena mabaharia walitangulia. Matthew Flinders, alipokuwa akiizunguka Australia na merikebu ya Investigator kati ya 1801 na 1803, aliona kwamba dira yake ilisoma tofauti kulingana na upande ambao chombo kimeelekea, akatambua kwamba vyuma vya merikebu yenyewe vinaivuta sindano. Merikebu yake ilikuwa ya mbao. Zilipokuja meli za chuma kitupu, tatizo likawa la hatari, na mwaka 1838 George Airy, mkuu wa kituo cha unajimu cha Greenwich, alifanya majaribio kwenye meli ya chuma iliyoitwa Rainbow. Aliigeuza meli upande baada ya upande, akapima kosa la kila upande, kisha akaweka sumaku na vipande vya chuma karibu na dira ili vifute nguvu ya meli. Kuizungusha meli kwa ajili ya dira imekuwa kazi ya kawaida bandarini tangu wakati huo. Gari lako linapokuomba ulizungushe, linaomba kitu kile kile.

Na sababu yake inapendeza ukiifuatilia. Ndani ya kioo kuna vihisi viwili vya sumaku vilivyokaa kwa pembe mraba, kimoja kikipima nguvu ya mbele na nyuma, kingine ya kushoto na kulia. Gari lisilo na usumaku wake, ukilizungusha pole pole mahali pamoja, vipimo vya vihisi hivyo ukivichora kwenye karatasi vinatengeneza duara, na kitovu cha duara hilo kiko kwenye sufuri. Gari lenye usumaku nalo linachora duara, ila duara limesukumwa pembeni, kwa sababu nguvu ya gari inazunguka pamoja na gari na inaongezwa kwenye kila kipimo kwa kiasi kile kile. Kompyuta inachofanya ni kutafuta kitovu cha duara, kuona kimehama kiasi gani kutoka kwenye sufuri, na kutoa kiasi hicho. Ndiyo maana inahitaji mzunguko mzima. Nusu duara inaweza kuidanganya.

Hapo hapo utaona kwa nini kuzunguka hakuwezi kutibu kosa la mahali. Pengo la kaskazini mbili halisukumi duara pembeni. Linalizungusha tu juu ya kitovu chake, na duara lililozungushwa juu ya kitovu chake bado ni duara lile lile. Kompyuta haina pa kushika. Ungeweza kuzunguka siku nzima kwenye uwanja wa Kent, Washington, au wa Lewiston, Maine, kihisi kisigundue kwamba umehama jimbo.

Kutokana na hayo, unaweza kujua ugonjwa wa dira yako kabla ya kugusa kitufe. Tafuta barabara mbili zinazokatana kwa pembe mraba na ambazo una hakika zinaelekea wapi. Endesha pande zote nne, uandike herufi unazosoma. Kosa likiwa lile lile kila upande, herufi zote zimesogea kwa mwelekeo mmoja, shida ni kanda. Ikiwa upande mmoja dira inasema kweli na upande mwingine inapotea vibaya, shida ni usumaku wa gari. Na yote mawili yanaweza kuwepo kwa pamoja, hasa kwa gari lililonunuliwa mnadani.

Nikiwa bado Maine, kijana mmoja kutoka Bukavu aliyekuwa akipeleka chakula majumbani alinijia: "Kaka, gari yangu haijui tena mashariki. Kaskazini inajua, kusini inajua, mashariki inasema kusini-mashariki." Maelezo yake yalikuwa yametosha. Juu ya paa alikuwa akibandika kibao cha tangazo la mwajiri wake, kile kinachoshikwa na sumaku kubwa, na kila jioni anakibandua. Kibao kikiwa hakipo, paa lilibaki na usumaku wake. Tulikipeleka kibao mbali, tukazungusha gari, dira ikarudi. Nikamshauri kishikio cha simu chenye sumaku kilichokuwa karibu kabisa na kioo akihamishie chini, karibu na redio. Vitabu vya mwongozo vinaonya juu ya antena za sumaku za paani kwa sababu hiyo hiyo, na madereva wa teksi wenye taa za kubandika wanapaswa kuvisoma kwa makini kuliko mtu yeyote.

Utaratibu wenyewe, kwa magari mengi yenye dira kwenye kioo, uko hivi. Washa gari. Shikilia kitufe cha dira kwa sekunde kadhaa hadi neno ZONE au namba itokee. Baadhi ya magari huandika VAR. Namba unayoiona ndiyo kanda iliyowekwa sasa. Achia, kisha bonyeza mara kwa mara hadi ufike kwenye kanda ya mahali ulipo kwa mujibu wa ramani ya kitabu cha gari hilo hilo, maana ramani za watengenezaji hazilingani zote. Ukiacha kubonyeza, baada ya sekunde chache inajihifadhi. Kwa magari mapya zaidi hakuna kitufe kwenye kioo. Kanda inatafutwa kwenye skrini, sehemu ya mipangilio ya gari.

Kuhusu kuzungusha: shikilia kitufe kwa muda mrefu zaidi hadi herufi C au neno CAL litokee. Nenda mahali palipo wazi, mbali na nyaya kubwa za umeme, madaraja ya chuma, maghala, na hasa majengo ya kuegesha magari ya ghorofa, ambayo sakafu zake zimejaa nondo. Zunguka kwa mwendo usiozidi maili 5 kwa saa, duara kamili, hadi herufi hiyo ipotee na upande utokee. Magari mengi yanaridhika kwa duara mbili au tatu. Lisiporidhika, kwanza angalia kuna nini chenye sumaku ndani ya gari.

Anza na kanda, kisha zungusha. Ukifanya hivyo, unaporudi kwenye barabara yako ya majaribio unakuwa umefunga milango yote miwili, na kosa lolote litakalobaki linakwenda kwa fundi wa umeme wa magari kwa haki.

Barabara ya majaribio inahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu vibao vya barabara kuu za Marekani havisemi unaelekea wapi kwa wakati huo. Vinasema barabara nzima inaelekea wapi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mfano mzuri uko kwenye I-90 yenyewe. Kati ya Rockford, Illinois, na mji wa Portage, Wisconsin, barabara hiyo imeungana na I-39. Juu ya lami moja unasoma kibao cha I-90 West na kibao cha I-39 North, na kwa sehemu kubwa gari linakwenda kaskazini. Dira ikikuandikia N wakati kibao kinasema magharibi, dira ndiyo mkweli. Nimesikia watu wakiilaumu dira nzima kwa sababu ya vibao kama hivyo.

Palipo bora kabisa kwa kazi hii ni vijijini, kwenye majimbo ya katikati kama Iowa, Illinois na South Dakota. Mwaka 1785 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupima ardhi mpya kwa miraba, na barabara nyingi za mashambani zilifuata mipaka ya miraba hiyo, kaskazini kwa kusini na mashariki kwa magharibi, zikifuata kaskazini ya kweli. Unaweza kusimama kwenye njia panda ya mahindi matupu ukawa na pande nne za uhakika. Maine haina neema hiyo. Barabara zake zilifuata mito na pwani kabla ya sheria kuwepo. Seattle inayo kwa kiasi, ukiondoa katikati ya jiji ambako mitaa imelala mshazari.

Kuna sababu nyingine ya dira kukosea ambayo haitokani na wewe kuhama. Nguvu ya sumaku ndiyo inayohama. Mwaka 1635 Henry Gellibrand alichapisha vipimo vya London vilivyoonyesha kwamba pengo la mwaka 1580, lililokuwa zaidi ya digrii 11 upande wa mashariki, lilikuwa limeshuka hadi karibu 4. Hadi wakati huo wajuzi waliamini kila mahali pana pengo lake lisilobadilika. Ncha ya kaskazini ya sumaku, ambayo James Clark Ross aliifikia mwaka 1831 kwenye rasi ya Boothia, kaskazini mwa Kanada, imeshaondoka huko na kuelekea Siberia, na mwanzoni mwa karne hii ilikuwa ikikimbia kilomita kama 50 kwa mwaka. Hapa Seattle, ramani za miaka ya 1970 ziliandika pengo la zaidi ya digrii 20. Leo ni 15. Mwaka 2011 uwanja wa ndege wa Tampa, Florida, ulilazimika kufunga njia yake ya kurukia ili ipakwe namba mpya, kwa kuwa namba za njia za ndege zinafuata dira na dira ilikuwa imesogea.

Kwa wanasayansi kuna kielelezo cha sumaku ya dunia kinachotolewa na taasisi za Marekani na Uingereza kila baada ya miaka mitano. Cha karibuni kilitoka Desemba 2024, na mwaka 2019 walilazimika kukisahihisha kile cha wakati huo kabla ya muda wake kwa sababu ya mwendo huo wa ncha. Simu yako inatumia kielelezo cha aina hiyo. Ramani iliyochapishwa kwenye kitabu cha gari la mwaka 2005 haina namna ya kujisahihisha. Kwa dira ya pande nane haina madhara makubwa, digrii mbili tatu hazikupotezi. Lakini ukiwa karibu na mstari wa kati ya kanda mbili, na dira bado inaegemea upande mmoja, jaribu kanda ya jirani kisha urudi barabarani kuhakikisha. Mimi nafanya hivyo kwa magari ya zamani na imekuwa na faida.

Magari yenye GPS ndani yamepunguza kazi hii, maana gari linajua liko wapi na linaweza kujipatia marekebisho lenyewe, au kusoma upande kutokana na jinsi linavyosogea. Hata hivyo, upande unaotokana na kusogea haupo gari likiwa limesimama. Na mengi ya magari tunayoyamudu tunapofika nchi hii ni ya kabla ya hapo.

Nimeulizwa mara nyingi kama yanafaa yote haya wakati simu inaongea na kukwambia geuka kulia. Nafikiri yanafaa, na nafikiri hivyo kwa dhati. Simu inakupeleka. Haikufundishi mji. Mgeni anayeangalia herufi ile ndogo kila anapogeuka, baada ya muda mfupi anaujua mji ulivyokaa: ziwa liko upande gani, mlima uko wapi, kazini ni kusini na msikiti ni mashariki. Siku simu inapozimika kwenye theluji, hapotei. Mke wangu aliijua Portland namna hiyo, na alikuwa dereva mgeni kabisa wa barabara za mkono wa kulia.

Kwa wanaotuma magari nyumbani. Burundi, Rwanda na Kongo wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo gari la Marekani lenye usukani wa kushoto linafaa huko, na wapo wanaolisafirisha kwa ajili ya wazazi au biashara. Ramani ya kanda haina Bujumbura wala Goma. Hilo lisikusumbue: katika maeneo yetu ya Maziwa Makuu pengo la kaskazini mbili ni digrii chache tu, kwa hiyo kanda inayofaa ni ile inayopita mahali ambapo pengo la Marekani ni karibu sufuri, na kwa magari mengi hiyo ni ya 8. Iweke kabla ya gari kuingia kontena, huku kitabu kikiwa mkononi mwako. Kuzungusha kusifanyike huku. Gari litakaa wiki nyingi ndani ya sanduku la chuma lililo juu ya meli ya chuma, na litafika na usumaku mwingine. Mwambie atakayelipokea alizungushe akishalitoa bandarini na kulifikisha, kwenye uwanja wa mpira au popote palipo wazi, na kwamba kanda asiiguse.